"Nimezima taa ili macho yapumzike": dhana potofu kuhusu mwanga na kompyuta

Juzi mhasibu mmoja aliketi kwenye kiti changu cha kupimia macho, akanieleza kwa uhakika kabisa jinsi anavyoyatunza macho yake. Akifika ofisini anafunga mapazia, anazima taa, anabaki na kompyuta peke yake. "Daktari, kioo kina mwanga wake, taa ya nini tena?" Kisha akataja kilichomleta: kila ikifika saa tisa mchana kichwa kinagonga, macho yanawasha kama yametiwa pilipili, maandishi yanacheza. Nikampima. Anaona vizuri, hahitaji miwani. Alikuwa wa tatu wiki hiyo kuniambia jambo lilelile, na ndiyo maana naandika.

Dhana: Chumba kikiwa giza, macho yanapumzika

Hayapumziki. Penye giza mboni hutanuka ili iokote mwanga, penye mwanga hujibana. Sasa umeketi kwenye chumba cheusi na mbele yako kuna kitu kimoja tu kinachowaka. Kioo kinataka mboni ijibane, giza la pembeni linataka itanuke. Ukitoa macho kwenye kioo usome risiti iliyo mezani, kisha ukarudi, jicho linaanza upya kujizoesha. Mhasibu anafanya hivyo mara ngapi kwa siku, hasa mwezi Juni hesabu za mwaka zinapofungwa?

Kuna na jingine. Mboni iliyotanuka hupitisha miali ya kingo za lenzi, na miali hiyo haikutani sawasawa kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Herufi zinapoteza ukali. Kasoro ndogo ambayo mchana hukuihisi, gizani inajitokeza, nawe unakunja uso ukilazimisha kuona. Hayo maumivu ya paji la uso yanatoka hapo.

Kwa hiyo ukiniuliza "mwanga mwingi au mdogo?" umeuliza swali lisilo sahihi. Niulize mwanga wa kioo umepishana kiasi gani na mwanga wa mahali kilipo. Wataalamu wa taa za kazini hushauri vitu vilivyo jirani na kioo visipishane nacho kwa zaidi ya mara 3 hivi, na vya mbali zaidi visizidi mara 10. Kipimo cha kufanya hivyo nyumbani ni karatasi nyeupe. Fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta, shika karatasi kando yake. Kioo kikionekana kama taa na karatasi kama kijivu, ama punguza mwangaza wa kioo ama washa taa ya chumba. Kioo kikionekana kimefifia kama maji ya mchele, kiongeze. Vikilingana, umemaliza. Fanya hivyo asubuhi, na tena jioni, kwa sababu mwanga wa chumba haukai vilevile kutwa nzima.

Umeme ukikatika usiendelee kufanya kazi na laputopu gizani kwa sababu tu betri bado ina chaji. Chukua taa ya kuchaji, iweke nyuma ya kioo ikimulika ukuta, isikutazame wewe. Ukuta ukipata mwanga, ile tofauti inapungua mara moja. Ushauri huu naurudia kila siku, na wanaoufuata hurudi wakisema kichwa kimetulia.

Dhana: Basi mwanga ukizidi ndiyo bora, nihamie dirishani

Hapa wengine huangukia upande wa pili. Kiwango cha Ulaya cha kazi za kuandika na kusoma ofisini ni luksi 500 (luksi ni kizio cha kupimia mwanga unaoangukia mahali). Jua letu la adhuhuri nje linaweza kufika luksi 100,000. Ukikaa umelikabili dirisha lenye jua hilo, kioo chako hakina uwezo wa kushindana nalo. Ukilipa mgongo, linaakisi ndani ya kioo. Geuza meza dirisha liwe ubavuni mwako, kushoto au kulia, na pazia jepesi lishushwe jua linapoingia moja kwa moja.

Zima kompyuta ukitazame kioo kikiwa cheusi. Unachokiona humo, iwe dirisha, taa ya dari au shati lako jeupe, ndicho unachopambana nacho siku nzima. Kisha weka kiganja juu ya nyusi kama unayekinga jua. Ukisikia nafuu, kuna taa mahali pabaya. Sogeza taa au meza kabla hujafikiria kununua chochote.

Dhana: Kusoma kwenye mwanga hafifu kunapofusha

Kunachosha. Hakuharibu jicho, na uchovu unaisha ukipumzika. Wazazi wanaohofia macho ya watoto wawatoe nje mchana: utafiti uliofanyika Guangzhou, China, ukachapishwa 2015, uliwaongezea wanafunzi dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule, na baada ya miaka 3 waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, dhidi ya 39.5 kwa wenzao.

Dhana: Miwani ya kuzuia mwanga wa bluu ndiyo dawa

Mapitio ya 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida, angalau kwa muda mfupi. Anga la mchana lina mwanga wa bluu mwingi kuliko kompyuta yako. Kinachokausha macho ni kusahau kupepesa: mbele ya kioo tunapepesa chini ya nusu ya kawaida. Usingizi ni suala jingine. Mwanga mkali usiku huuchelewesha kweli, basi punguza kioo na taa saa moja au mbili kabla ya kulala.

Dhana: Maandishi meupe kwenye weusi yanafaa kila mtu

Kwa wengi, maandishi meusi kwenye weupe husomeka vizuri zaidi mchana. Wenye astigmatizimu, yaani jicho lisilopinda sawasawa pande zote, huona herufi nyeupe zimetapakaa kingo. Jaribu, uamue kwa jicho lako.

Uliyepita miaka 40, usishindane na kijana wa meza ya jirani juu ya taa. Lenzi yako haipitishi mwanga kama zamani; kwa mtu wa miaka 60, mwanga unaofika kwenye retina ni kama theluthi ya ule wa kijana wa miaka 20. Nunua taa ya mezani yenye shingo, ielekeze kwenye karatasi zako, isiguse kioo.

Na ukiona miduara ya rangi kuzunguka taa huku jicho jekundu linauma, au ghafla uoni umepungua, usihangaike na pazia. Nenda hospitali siku hiyohiyo.