Sonona na moyo wa mzee

Sonona ni ugonjwa wa huzuni au kukosa hamu ya mambo unaodumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Kwa mtu aliyevuka miaka 60 mara nyingi hauji na machozi. Mwili unauma, usingizi unakatika saa tisa usiku, chakula hakipandi, mzee anakuwa mkali au msahaulifu. Wanawe kule Mbagala watasema ni umri, au baba ana mawazo, na basi, yanaishia hapo.

Kumbe moyo nao unaumia. Huzuni na hofu za muda mrefu huufanya mwili utoe homoni za msongo, adrenalini na kotisoli, kupita kiasi: presha inapanda, mapigo yanaenda mbio, damu inaganda kwa urahisi zaidi. Tena, mzee aliyekata tamaa hamezi dawa za presha ipasavyo, anakwepa kliniki, hatoki hata kwenda kijiweni kunywa kahawa, na sigara aliyokwisha kuiacha inarudi mdomoni. Kwa maoni yangu, haya ya pili familia inaweza kuyaona mapema kuliko daktari yeyote.

Ugonjwa huenda pia upande wa pili: moyo ukiumwa, sonona hufuata. Kati ya watu watano waliopata shambulio la moyo, takriban mmoja hupata sonona kali. Mwaka 2014 jopo la wataalamu wa Chama cha Moyo cha Marekani lilipendekeza sonona ihesabiwe miongoni mwa vihatarishi kwa wagonjwa hao, kwa kuwa wenye sonona hufariki zaidi.

Wasiwasi una utata wake. Kifua kubana, pumzi kukata na moyo kudunda huweza kutokana na hofu tupu, au na moyo wenyewe. Mzee asikisie nyumbani. Awahi hospitali, moyo upimwe kwanza. Kipimo kikitoka safi, iwe ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili au hospitali ya wilaya, mwambieni daktari pia habari za usingizi na hofu.

Tiba ipo: ushauri nasaha, mazoezi mepesi, na dawa. Sertralini, dawa ya sonona, imejaribiwa kwa waliopata shambulio la moyo ikaonekana salama. Amitriptilini, dawa ya sonona ya zamani ambayo wengine huinunua duka la dawa ili walale, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mwenye maradhi ya moyo asiitumie bila daktari kujua.