Bei ya chatu imeanguka, lakini kibali kiko palepale

Malalamiko ya wafugaji wa reptilia yamekuwa mengi sana siku hizi na karibu yote yanaanzia hapohapo, bei imeanguka na gharama zinapanda. Hilo tunalielewa kabisa. Chatu albino wa kwanza wa Python regius, yaani yule chatu mdogo wa Afrika anayefugwa sana, walipototolewa kwa mfugaji mwaka 1992 waliuzwa kwa maelfu ya dola kila mmoja, leo rangi ileile bei yake ni sehemu ndogo sana ya hiyo, kwa sababu ukimuuzia mtu dume na jike umeshampa mbegu, baada ya miaka michache na yeye anauza, na wateja wake nao wanauza. Umeme wa kutotolesha mayai kwa karibu miezi miwili unalipa wewe, panya unanunua wewe, na mtoto asiponunuliwa anabaki kwenye rafu yako anakula, na chatu huyu anaweza kuishi miaka 20 na zaidi.

Sasa tatizo linapoanza ni pale mtu anapotaka kufidia hasara kwenye makaratasi. Fomu ya kuomba kibali cha kuuza nje inakuja imejazwa herufi C, yaani amezalishwa kifugoni, ukiuliza wazazi walipatikana wapi hakuna risiti wala kibali. Jamani, kuzaliwa nyumbani kwako hakutoshi! CITES, yaani mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaofanya kazi tangu 1975, inataka wazazi wawe wamepatikana kihalali na ufugaji wenyewe uwe umefikia kizazi cha pili au umeonyesha kwamba unaweza kufika huko. Aliyezaliwa kifugoni bila kutimiza masharti hayo anaandikwa F. Jike aliyekamatwa porini ana mayai tumboni, akayataga kwako, watoto wake si C, tumeshasema hili mara nyingi mno.

Kibali cha kusafirisha nje kinadumu miezi 6 tu kuanzia siku kilipotolewa, na mnyama awe ameshafika kwa mnunuzi kabla hakijaisha. Hakiongezwi muda, unaomba upya. Wanyama wa Kiambatisho cha I, yaani orodha ya CITES yenye ulinzi mkali zaidi, ni habari nyingine kabisa, mfano kobe bapa wa mawe, Malacochersus tornieri, aliyehamishiwa huko 2019: wa porini hauzwi kimataifa kibiashara, na anayezalisha wa kuuza nje lazima shamba lake lisajiliwe kwanza. Adhabu inategemea sheria ya nchi, inaweza kuwa faini au kifungo, ila kwa kawaida mnyama anazuiliwa siku hiyohiyo.

Na tafadhali sana usimwachie porini nyoka aliyekosa mteja. Chatu wa Burma walivyoenea kwenye kinamasi cha Everglades kule Florida inatosha, Marekani ikaishia kuzuia uingizaji wao mwaka 2012 na wafugaji halali wakaumia pamoja na wazembe.

Kama soko limejaa punguza kupandisha dume na jike msimu huu, hilo liko mikononi mwako. Halafu daftari: tarehe ya kutaga, wazazi gani, mayai mangapi, wangapi wametoka, nani kanunua. Kama huna, anza na hao walioko kwenye rafu leo, usisubiri siku ya kuomba kibali.