Bastola ndogo si nyepesi kupiga

Imezoeleka kusemwa kwamba anayeanza kubeba bastola kwa siri, hasa mwenye mikono midogo, apewe iliyo ndogo kabisa kwa kuwa "haimsumbui". Kuibeba haisumbui, kweli. Kuipiga ni habari nyingine.

Risasi ileile husukuma nyuma kwa nguvu ileile, iwe bastola nzito au nyepesi. Ukipunguza uzito wa silaha kwa nusu, inarudi nyuma kwa kasi maradufu, na teke hilo lote linaishia kiganjani. Glock 19, bastola ya ukubwa wa kati, ina takriban gramu 670 ikiwa na magazini (kikasha cha risasi) tupu. Bastola za mfukoni huwa chini ya 400. Mpini wake ni mfupi hadi kidole cha mwisho kinaning'inia hewani, na kwa kuwa vilengeo viwili, cha mbele na cha nyuma, vimekaribiana, kosa dogo la mkono hulioni mpaka utazame tundu kwenye karatasi.

Halafu kinachochomoza chini ya shati mara nyingi ni mpini. Mtutu umezama ndani ya suruali, kwa hiyo kuufupisha hakufichi kitu kikubwa.

Kwenye mkoba wa bastola mimi sina mjadala: uwe mgumu, ufunike triga (kifyatulio) yote, na mdomo wake ubaki wazi silaha ikichomolewa. Ule wa kitambaa laini hunywea, na mkunjo wake unaweza kubonyeza triga wakati wa kurudisha. Pindo la shati nalo hufanya hivyohivyo, kwa hiyo rudisha polepole, kidole kikiwa nje ya triga.