Tiketi Mbili za Bei Nafuu, na Saa Isiyo na Mwenyewe

Nauza tiketi hapa Kisumu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwapangia watu safari: wanaokwenda Mombasa harusini, na wanafunzi wetu walioko Ujerumani, Austria na Uingereza. Mzazi huingia ofisini akiwa na simu mkononi. "Dada, mwanangu ameona nauli rahisi, ila amenunua vipande viwili. Ni sawa?" Nami humuuliza: treni ya kwanza ikichelewa, nani atagharamia ya pili?

Tiketi ni mkataba. Ukinunua moja ya safari nzima, umeahidiwa kufikishwa mwisho wa safari. Ukinunua mbili, ya kwanza inakuahidi kituo cha katikati, ya pili inakuahidi kiti kwenye treni fulani, saa fulani. Ile nusu saa ya kubadilisha treni haimo katika ahadi yoyote kati ya hizo. Ni yako wewe. Na tiketi za punguzo ndizo zenye masharti makali zaidi, kwani nyingi zimefungwa kwa treni moja tu. Ikiondoka bila wewe, pesa zimekwenda.

Nililijua hili kwa vitabu kabla ya kulijua kwa miguu. Nilikuwa nampeleka mama mkwe wangu Mombasa. Tulichukua basi la usiku kutoka Kisumu, na nilikuwa nimeshalipia treni ya SGR ya saa mbili asubuhi. Karibu na Mau Summit lori lilikuwa limeanguka, tukakaa pale usiku wa manane tukitazama taa za magari yaliyosimama mbele yetu. Tulifika Syokimau, kwenye stesheni ya SGR ya Nairobi, zikiwa zimebaki dakika kumi treni iondoke. Pale huwezi kudandia kama matatu. Mizigo hupangwa chini kwa mstari, abiria mnasogea kando, mbwa anapita akinusa, halafu ndipo mnaingia kwenye ukaguzi. Tulipofika, ile sehemu ya mizigo ilikuwa tupu. Askari alimwambia kwa upole, "Mama, lango limeshafungwa." Mama akakitua kikapu chake cha samaki wakavu, akaniuliza, "Kwani hawajui tumetoka Kisumu?"

Hawakujua, wala hawakuwa na wajibu wa kujua. Tiketi ya treni ilisema Nairobi hadi Mombasa, basi. Nililipia nyingine za saa tisa alasiri, na swali lile la Mama limebaki nami kila ninapompangia mtu safari ya vipande. Hata ukija na treni ya Kisumu, ile iliyorudishwa Desemba 2021, inakushusha stesheni ya zamani katikati ya Nairobi, si Syokimau. Hapo katikati bado pana safari nyingine.

Ulaya mambo yana sura kadhaa, na ndiyo sababu siwakatazi wanafunzi kununua vipande.

Uingereza ndiyo yenye huruma zaidi. Kanuni za usafiri wa reli huko zinaruhusu safari moja kufanywa kwa tiketi kadhaa, mradi treni isimame kwenye kituo ambapo tiketi moja inaishia na nyingine inaanzia. Ukiwa umeacha muda wa chini uliowekwa wa kubadilisha treni, kisha ya kwanza ikachelewa, safari yako inahesabiwa kuwa moja, na ile tiketi ya punguzo ya treni uliyoikosa haifi.

Katika Umoja wa Ulaya angalia ulinunuaje. Kanuni ya 2021/782, iliyoanza kutumika tarehe 7 Juni 2023, inamgusa hata muuzaji. Akikuunganishia tiketi kadhaa yeye mwenyewe kwa malipo ya mara moja, bila kukwambia kabla ya kulipa kwamba kila moja ni mkataba wake, na ukakosa treni ya kuunganisha, anawajibika kukurudishia pesa zote na fidia ya asilimia 75 juu yake. Kwa hiyo lile sentensi dogo linalosema tiketi hizi ni mikataba tofauti, ambalo vijana hulipita haraka, ndilo linalomwondolea muuzaji mzigo na kukubebesha wewe. Lisome kabla ya kubonyeza.

Na kama umeshanunua kila tiketi kivyake, na safari yako inavuka mpaka wa nchi? Usikate tamaa. Mashirika mengi makubwa ya reli, yakiwemo ya Ujerumani, Austria, Uswisi na Ufaransa, yana makubaliano ya kuendeleza safari, yanayoitwa kwa kifupi AJC (Agreement on Journey Continuation). Yanamruhusu abiria aliyecheleweshwa kupanda treni inayofuata ya shirika lile lile la treni aliyoikosa bila kulipa tena, nafasi ikiwepo. Lakini lazima uthibitishe kwamba ulicheleweshwa, na hapo ndipo wengi huanguka. Kijana mmoja ninayemhudumia alinipigia akiwa bado ndani ya treni iliyochelewa dakika 40, anataka kununua tiketi mpya kwa simu, sauti inatetemeka. Nikamwambia, "Usilipe kitu, mwanangu. Mtafute kondakta sasa hivi, kabla hujashuka, akuandikie kwamba treni imechelewa." Alirudi kwenye simu baada ya dakika chache: amegongewa mhuri. Usiku ule alifika, amechelewa saa mbili, bila kuongeza hata senti.

Mimi nina sharti moja ambalo sikubali kulilegeza: treni ya mwisho ya siku haiwi kipande cha pili cha tiketi mbili. Ikikosekana, mtoto wa watu analala stesheni. Afadhali alipe zaidi kidogo kwa tiketi moja, au apande ile iliyotangulia.

Desemba iliyofuata tulikwenda Mombasa tena na Mama, kwa basi la usiku na treni ya saa tisa alasiri. Tulikuwa Syokimau kabla ya saa saba, na kikapu chake kikawa cha kwanza kwenye mstari.