Saa nane ya dawa, saa nane ya mchana

Bibi mmoja wa Buhongwa alipewa dawa mseto za mjukuu wake, akaambiwa dirishani: "Dozi ya kwanza mpe sasa hivi, ya pili baada ya saa nane." Ilikuwa saa kumi jioni. Akampa kidonge cha kwanza pale pale, akambeba mgongoni, wakarudi nyumbani. Kesho yake akakaa anaisubiri saa nane, na saa nane mchana ilipofika akampa cha pili.

Nilionana naye siku iliyofuata, mtoto anachemka. Nikamuuliza cha pili alimpa lini.

"Saa nane, kama mlivyosema."

Ya mchana au ya usiku? Akaniangalia kama nimemuuliza ugali unapikwa na nini. "Usiku nimwamshe mtoto mgonjwa kwa lipi, mwanangu?"

Dawa mseto hiyo ya malaria, ALu, ina dozi sita kwa siku tatu. Ya pili ndiyo yenye masharti: inafuata saa 8 baada ya ile ya kwanza, halafu zinazobaki zinakwenda asubuhi na jioni. Kwa mtoto huyu ilitakiwa saa sita ya usiku ule ule. Aliipata baada ya saa 22. Bibi hakukosea kitu. Kiswahili chetu kinatumia neno moja, saa, kwa mshale wa ukutani na kwa muda unaopita, na aliyekuwa dirishani, mwenye foleni hadi nje ya geti, hakupata nusu dakika ya kusema, "Mwamshe saa sita usiku, mpe na maziwa, alale tena." Tena bibi yule ni mtu wa Kisukuma. Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi. Katika maneno yote aliyoambiwa, alichodaka ni "nane".

Nilikuwa muuguzi kabla ya kuhamia elimu ya afya kwa umma, na kazi yangu siku hizi ni mabango, vipeperushi, vipindi vya redio na gari la matangazo lenye spika juu. Naipenda. Lakini bango halijawahi kuulizwa swali likajibu. Kwa hiyo naandika kuiomba Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zifungue namba moja ya simu ya maelezo ya afya, ya bure, inayopokelewa kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Nasema moja kwa sababu mtu wa hapa analala Pasiansi, anauza dagaa Mwaloni na kliniki anakwenda Nyamagana. Mpaka wa halmashauri hizi mbili anaukumbuka siku ya kulipa ushuru.

Najua utasema namba zipo. Zipo, na nazisifu. 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure, na wengi waliijua wakati wa korona. Mwaka 2023, Marburg ilipotangazwa Bukoba Vijijini mwezi Machi, kisha Januari 2025 ilipotangazwa tena Biharamulo, tuliwahimiza watu waipige. 115 ya m-mama inamtafutia usafiri mjamzito mwenye dharura na mtoto mchanga, na mfumo ule ulianza kujaribiwa huku huku kwetu Kanda ya Ziwa kabla ya kusambazwa nchi nzima. 116 ni ya watoto. Lakini kipindupindu kikiingia Igoma, mama wa Igoma hataki kuelezwa kipindupindu ni nini. Anataka kujua kambi ya wagonjwa imewekwa wapi, kisima cha mtaa wake kimewekwa dawa au bado, mama lishe wa stendi wamefungiwa mpaka lini, na kama ndugu anaweza kuja leo kwa mtumbwi kutoka Kome. Mwenye majibu hayo si mtu wa Dodoma, ni bwana afya wa kata na mganga mkuu wa halmashauri. Amri ya kufunga vibanda wanaitoa wao, basi na simu ya kuulizia wapokee wao.

Sasa lugha, ambayo ndiyo inayoleta ubishi. Kila nikilisema hili kikaoni yupo mtu wa kusimama: Mwanza nzima inaongea Kiswahili, mnataka kuturudisha kwenye ukabila? Hoja hiyo naiheshimu. Mimi mwenyewe ni Msukuma wa kuzaliwa Kirumba, na Kisukuma changu kinaishia kwenye "mwangaluka mayu" na maneno mengine ya kuombea maji. Kiswahili ndicho kilichonisomesha na kunipa kazi. Lakini niliyoyaona zahanati siwezi kujifanya sikuyaona.

Nimemwona mtoto wa darasa la tano akiwa mkalimani wa bibi yake. Muuguzi mgeni, kijana mzuri aliyepangiwa Misungwi akitokea Kilimanjaro, anauliza, mtoto anageuza, bibi anajibu akiangalia ukuta. Bibi alikuwa anatokwa damu ukeni, miaka mingi baada ya kukoma hedhi. Ni dalili ambayo muuguzi yeyote akiisikia kalamu inasimama, kwa sababu inaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi. Mtoto akasema, "Bibi anaumwa tumbo." Labda hakuelewa. Labda alielewa akaona haya, au bibi mwenyewe ndiye aliyeona haya akamwambia mjukuu neno jepesi. Akapewa dawa ya minyoo. Ukweli ulijulikana kwa sababu mhudumu wa usafi, mwanamke wa huko huko, aliwasikia akiwa anapiga deki.

Kisukuma tayari ni lugha ya kazi kwenye vituo vyetu, ila kinafanya kazi kupitia watoto, wafagizi na abiria wa benchi. Ninachoomba ni kimpitie mtu aliyefundishwa na kuapa kutunza siri. Redio tuiache iendelee na Kiswahili chake. Simu ni mazungumzo ya watu wawili, na sioni umoja wa taifa unavyotikisika bibi akieleza tumbo lake.

Kitaalamu kazi si ngumu kama inavyosemwa. Mtu anapiga, sauti inamwambia bonyeza 1 kwa Kiswahili, 2 kwa Kisukuma. Kitochi cha bei ya chini kabisa kinabonyeza 1 na 2. Tusiseme "pakua programu", tafadhali. Nimekaa kwenye vikao viwili vilivyoishia hapo. Na kama makubaliano na kampuni za simu ya kuifanya namba iwe bure yatachelewa, tuanze na jambo ambalo Mtanzania halihitaji kufundishwa: kubipu. Unabipu, namba yako inabaki kwenye foleni, unapigiwa. Gharama inakuwa ya halmashauri, na mtu asiye na salio saa tano usiku anafika mahali.

Sehemu ngumu ni maneno. Mwaka jana mimi na mwenzangu tulirekodi ujumbe wa dakika moja wa Kisukuma kuhusu ORS, ile dawa ya pakiti anayochanganyiwa na maji mtu anayeharisha. Tulitafsiri kipeperushi cha Kiswahili neno kwa neno, tukajiona wataalamu, nikampelekea mama mkwe wangu Ngudu ausikilize. Akausikiliza mara mbili, simu ameibana sikioni.

"Huyu mbona anasoma kama katekista? Na maji yamekatika wapi?"

Hatukumwelewa mpaka tulipourudia pamoja. "Upungufu wa maji mwilini" tulikuwa tumeugeuza hivi kwamba yeye alisikia tangazo la mgao wa bomba. Na ukifikiri, hata kwa Kiswahili maneno hayo ni ya mamlaka ya maji, si ya mama mwenye mtoto. Mama anasema mtoto amelegea, macho yameingia ndani, utosi umebonyea, halii machozi. Anasema "anaendesha", na daktari aliyesoma vitabu vya kigeni inabidi ajifunze kwamba hakuna gari hapo. Anasema hapati choo, na wewe ujue kama anaongelea tumbo au jengo.

Kisha mama mkwe akauliza, "Lita moja ni chupa ipi?" Nikamweleza kwamba ile chupa kubwa ya maji aliyoishika ni lita moja na nusu, dawa itakuwa nyepesi mno, kwamba akitumia ya nusu lita chumvi itazidi, na hiyo kwa mtoto ni hatari, achukue chupa ya nusu lita, aijaze mara mbili, amimine kwenye jagi, pakiti moja, basi. Na kama pakiti hakuna: lita moja hiyo hiyo, sukari vijiko sita vya chai vya kufuta, chumvi nusu kijiko cha chai.

"Haya. Sasa nikitaka kuuliza hayo yote kwenye hii simu yenu, nabonyeza wapi?"

Hapo ndipo nilipoachana na wazo la kuweka sauti za kurekodi peke yake. Lazima awepo mtu. Na watu tunao: wauguzi na wakunga wastaafu. Serikali inakustaafisha ukiwa na miaka 60, masikio bado mazima, na wengi wao wamezeekea Magu, Kwimba na Sengerema wakizalisha watoto kwa Kisukuma. Wawekwe kwa zamu, wapewe mwongozo mfupi, na zaidi ya yote wafundishwe mahali pa kukomea. Mpokea simu hatoi dawa wala hapimi ugonjwa kwa sikio. Akisikia mtoto hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea haamki, hana la kujadili: kituo cha afya, sasa hivi, hiki hapa kilicho karibu nawe. Mwongozo huo usikilizwe na watu wa pande mbalimbali kabla ya kutumika, maana Msukuma wa Ntuzu na wa Kwimba hawasemi sawa kila kitu. Ukerewe watataka Kikerewe na Kijita, na watakuwa na haki. Hilo ni la halmashauri yao, nasi tutawapa mwongozo wetu bure.

Kuhusu kichocho lazima niseme, kwa sababu ndicho ninachokiona kila mwaka kutoka Igombe hadi Kayenze. Konokono wa kichocho wako ufukweni, pale pale tunapofua, kuoga na kuvuta makokoro, kwa hiyo dawa yake, prazikwanteli, inagawiwa mashuleni. Mtoto anapimwa urefu kwa kijiti, anapewa vidonge vyake. Wengine wanasikia kizunguzungu, wengine wanatapika, hasa waliokuja na njaa; ndiyo maana tunasisitiza uji kwanza. Saa saba mchana mzazi aliye ziwani anapigiwa simu kwamba mwanao ameanguka baada ya dawa za serikali. Anampigia nani? Anampigia shemeji, shemeji anampigia fundi, na jioni habari ni kwamba dawa zinaua, au zinafunga uzazi. Morogoro mwaka 2008 uvumi wa namna hiyo ulifikia hatua ya wazazi kuvamia shule. Hapa kwetu haukufika huko, ila nimeona madarasa yakibaki nusu siku ya dawa. Mtu mmoja kwenye simu, anayeweza kusema kwa lugha ya nyumbani, "Mlaze kivulini, mpe maji na chakula, inapita baada ya muda, isipopita mlete," anaweza kuzima moto huo ukiwa bado njiti.

Kuna faida nyingine ambayo mganga mkuu ataipenda kuliko mimi. Simu zikiandikwa kwa mtaa na kwa swali, bila majina, zinaonyesha ugonjwa kabla haujafika wodini. Watu sita wa mtaa mmoja wakiuliza kwa siku moja kuhusu kuharisha kama maji ya mchele, huhitaji kungoja maabara ndipo umtume bwana afya akapime klorini. Bila majina nasema kwa makusudi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na mitaani kwetu tunajuana.

Fedha ni swali la haki. Chumba, mishahara ya zamu, makubaliano na kampuni za simu, namba fupi kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mahali pa kuviweka vyote ni Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, kwa kuchangiwa na mapato ya ndani. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini ukifika mwezi Mei na wazo lako bajeti imeshafungwa. Mlango ulio wazi ni mkutano wa mtaa, halafu Kamati ya Maendeleo ya Kata, halafu diwani ailete kwenye baraza. Miezi mitatu ya majaribio ndani ya kata mbili, moja ya mlimani kama Mabatini na moja ya ufukweni, itatuonyesha kama watu wanabipu au hawabipu.

Mkutano wa mtaa wetu ni Jumamosi saa nne asubuhi. Hoja nimeiandika nusu ukurasa, na jirani yangu mzaliwa wa Magu amekubali kuirudia kwa Kisukuma nikishamaliza. Mwenyekiti ametupa dakika tano kwa wote wawili, na ajenda ya taka iko mbele yetu.