Kope Imeshuka, Jicho Limepinda: Mboni Kwanza, Akupancha Baadaye

Kope ya jicho moja inashuka ghafla, jicho lenyewe linapinda kuelekea nje, na makanga mmoja mlangoni mwa matatu anaonekana wawili. Hapa Nairobi mgonjwa wa aina hii hushauriwa mengi: ni presha, ni baridi ya usiku, amerogwa. Siku hizi pia yupo jirani anayemwelekeza kwenye kliniki ya akupancha, ile tiba ya Wachina ya sindano nyembamba. Ushauri huo wa jirani si upuuzi. Tatizo ni utaratibu, kwa sababu sindano ikitangulia uchunguzi inaweza kula muda ambao mgonjwa hana.

Kila jicho huzungushwa na misuli sita inayoamrishwa na neva tatu zinazotoka kwenye shina la ubongo. Neva ya sita hulivuta jicho upande wa sikio. Neva ya nne husaidia kulishusha. Ikilegea, kushuka ngazi na kusoma huwa taabu, na mtu huinamisha kichwa upande mmoja bila kujijua. Neva ya tatu ndiyo yenye mzigo mkubwa: misuli minne kati ya ile sita, kuinua kope, na kubana mboni.

Mboni ndiyo inayotoa siri. Nyuzi zinazoibana hupita juu juu ya neva ya tatu, ilhali zile za misuli zimejificha ndani. Kisukari na presha huziba vimishipa vinavyolisha kiini cha neva, hivyo kope hushuka na jicho hupinda, lakini mboni kwa kawaida hubaki sawa na mwenzake. Kitu kinachoikandamiza neva kutoka nje, kama vile mshipa wa damu wa ubongo uliotuna mithili ya puto, hugusa nyuzi za juu kwanza: mboni hutanuka na haijibu mwanga wa tochi. Mshipa huo ukipasuka, mtu anaweza kufariki siku hiyo hiyo. Kope iliyoshuka pamoja na mboni kubwa, au pamoja na maumivu makali ya kichwa, ni dharura ya hospitali yenye picha ya CT ya mishipa ya ubongo, hata kama ni saa nane za usiku. Mboni ikiwa sawa leo bado inaweza kutanuka siku chache baadaye, kwa hiyo daktari hurudia kuitazama katika wiki ya kwanza.

Kuna vipimo viwili vya nyumbani vinavyosaidia. Funika jicho moja, kisha lingine. Ikiwa kuona viwili viwili kunaisha kila unapofunika lolote kati ya hayo, macho hayaendi pamoja. Kukiendelea hata unapotumia jicho moja tu, kasoro iko ndani ya jicho hilo, pengine mtoto wa jicho au miwani isiyofaa, na hakuna sindano itakayolirekebisha. Cha pili ni saa: kope inayokuwa nzuri asubuhi na kulegea jioni huashiria ugonjwa wa kuchoka kwa misuli, miastenia, ambao una dawa zake.

Kwetu hapa yapo mengine ya kukumbuka. Mtu mwenye VVU anaweza kupata homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu. Presha hupanda ndani ya fuvu na kuiminya neva ya sita. Huyo anahitaji dawa za kuvu na kupunguzwa maji ya uti wa mgongo. Kifua kikuu cha ubongo hufanya vivyo hivyo, na ajali ya bodaboda inaweza kujeruhi neva yoyote kati ya hizo tatu.

Chanzo kikishajulikana na kutibiwa, hapo akupancha inaweza kuingia kama msaidizi. Mgonjwa hulala chali, akiwa amekula. Mhudumu hutumia sindano mpya za matumizi ya mara moja, zenye unene wa takriban milimita 0.25, akazichoma sehemu kama Cuanzhu (mwanzo wa nyusi karibu na pua), Yangbai (juu ya katikati ya nyusi), Taiyang (kwenye panja, pembeni mwa jicho), Fengchi (chini ya kisogo) na Hegu (kati ya kidole gumba na cha shahada). Huziacha dakika 20 hadi 30. Uzito au ganzi hafifu kwenye sehemu iliyochomwa ni kawaida. Maumivu ya kuchoma kama umeme si kawaida, na useme mara moja.

Tahadhari kubwa iko kwenye Jingming, kona ya ndani ya jicho, na Chengqi, chini ya mboni kwenye ukingo wa mfupa. Sindano hapa hupita kati ya jicho na mfupa, mahali penye mishipa mingi ya damu. Anayeijua kazi hulisogeza jicho taratibu kando kwa kidole, huingiza polepole, hazungushi wala hapandishi na kushusha sindano, na akiitoa hubana kwa pamba safi dakika mbili au tatu. Akikosea, damu huvilia. Weusi kuzunguka jicho huisha wenyewe kwa wiki moja au mbili, lakini jicho likitokeza nje, likiuma na kuona kukififia, damu inaliminya kwa nyuma na kila dakika ina thamani. Kwa maoni yetu, anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au mwenye chembe sahani chache (zile zinazosaidia damu kuganda) asichomwe hapo kabisa. Mjamzito asichomwe Hegu, na mwenye betri ya moyo asiunganishiwe umeme kwenye sindano.

Je, inafanya kazi? Majaribio mengi yamefanyiwa China na mengi yanaripoti nafuu, lakini ni madogo na hayakupangwa kwa uthabiti. Halafu kuna jambo linalochanganya hesabu: kupooza kwa neva za jicho kunakotokana na kisukari au presha kwa kawaida hupona kwenyewe ndani ya miezi mitatu hivi. Anayeanza sindano wiki ya sita akapona wiki ya kumi hawezi kujua amshukuru nani. Dai basi vipimo: kila wiki piga picha kwa simu, mwanga uleule, ukitazama mbele, kulia, kushoto, juu na chini. Picha zikionyesha jicho halijasogea baada ya miezi mitatu, rudi kwa daktari akuandikie kipimo cha picha cha MRI badala ya kulipia awamu nyingine.

Wakati wa kusubiri, funika jicho moja kwa kitambaa au bandika plasta nyeupe kwenye kioo kimoja cha miwani, na usiendeshe gari wala pikipiki. Upasuaji wa kunyoosha jicho hufikiriwa baada ya takriban miezi sita ya hali isiyobadilika. Mtoto chini ya miaka minane hana muda huo: jicho linalofunikwa na kope huzoea kutoona, hivyo apelekwe kwa daktari wa macho wa watoto wiki hiyo hiyo, na kufunika jicho kufanywe kwa ratiba atakayotoa yeye.