Je, wajua kwa nini unaona vitu kumi na viwili, ukiulizwa unataja vinne?

Panga vitu 12 kwenye sinia: kijiko, kitunguu, kibiriti, kisu, sindano, uzi, kifungo, mkasi, sabuni, mswaki, kitana na kioo. Vichanganye, funika kwa khanga, kisha mwite mwenzako. Funua, hesabu moja, funika. Atataja vinne hivi, pengine vitano, halafu aape kwamba vyote aliviona.

Usimbishie, kwa maana anasema kweli. Mwaka 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, George Sperling, aliwaonyesha watu herufi 12, safu tatu za herufi nne nne. Zilionekana kwa muda mfupi mno: sekunde moja igawe mafungu ishirini, uchukue moja. Walipotakiwa kutaja zote, walitaja kama nne. Hapo Sperling akatumia mbinu ambayo mimi naiona ni ya kipekee. Herufi zilipokwisha kutoweka, alipiga mlio: mkali kwa safu ya juu, wa wastani kwa ya kati, mzito kwa ya chini. Sasa watu walitaja herufi kama tatu kati ya nne za safu yoyote iliyoitwa, ingawa hawakujua mapema itaitwa ipi. Kumbe karibu picha nzima ilikuwa bado imo akilini! Lakini mlio ukicheleweshwa sekunde moja tu, picha imeshayeyuka. Wakati unataja cha kwanza na cha pili, vingine vinafutika.

Je, uwezo huo huongezeka? Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, waliwaonyesha wachezaji ubao wa sataranji (chesi) wenye kete za mchezo halisi kwa sekunde tano, kisha wakawataka wazipange upya kwa kukumbuka. Bingwa alizirudisha kete nyingi mahali pake, kuliko anayeanza kwa mbali. Kete zilipotawanywa ovyo, bingwa naye akashuka hadi karibu na wenzake. Kumbukumbu yake haikuwa kubwa zaidi. Alizoea kuona kete kadhaa kama kitu kimoja.

Ndiyo maana michezo ya kumbukumbu ya kwenye simu hukufanya hodari wa mchezo huo, lakini manufaa yake ni nadra kuhamia kwenye mambo mengine. Kinachosaidia ni kuyajua vizuri yale unayoyatazama na kuyaona kwa mafungu.

Rudi kwenye sinia. Weka vya jikoni pembe moja, vya kushonea ya pili, vya kuogea ya tatu. Mwite mwingine ambaye hajaviona. Funua, hesabu moja, funika.